Kiondo Changu Dirishani

Picha yenyewe ilikuwa kubwa, ndani ya fremu ya mbao, na ilikaa katikati kabisa ya dirisha la studio, juu ya maharusi na watoto waliobatizwa. Mwanamke ameketi, kitambaa cheupe kichwani, anacheka mpaka pengo la meno ya juu linaonekana. Mapajani amepakata kiondo. Huyo mwanamke ni mama mzazi wa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Anatoka Kola, na nyumbani tunamwita hivyo tu, mama wa Kola. Kiondo ni changu.

Sisemi changu kwa sababu nilikinunua. Nilikisuka. Katani niliipara mwenyewe, nikaichemsha na magome mpaka ikashika rangi ya udongo, nikaisokota kwenye paja, mahali palepale ambapo ngozi imekuwa ngumu tangu nikiwa msichana. Hata taa ikizimika nakijua kiondo changu kwa kushika ukingo wake.

Siku za soko nilikuwa nashuka kutoka Kathiani na mzigo wa vyondo vya kikundi chetu cha akina mama, na kabla ya kuupeleka napitia studio kumsalimia binti yangu. Ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Yeye alikuwa anakaa mbele, anapokea watu na kukata picha za kitambulisho kwa makasi. Mume wake alikuwa chumba cha ndani na kamera. Hiyo ilikuwa bado miaka ya filamu, unapigwa picha leo unaiona ukirudi soko lingine.

Siku moja nikakuta wanawake wawili wamesimama nje ya dirisha, shingo zimeinuka.

"Ebu tazama msuko wa huyo."

"Umebana. Ukitia maji hayatoki."

"Namjua huyo mama, ni wa Kola. Kumbe anasuka hivi."

"Anasuka. Tazama ukingo."

Nilikuwa nyuma yao, vyondo vingine mgongoni, kamba imenikaa kichwani, jasho linaingia machoni. Watu wa Kola wanalima, na wanalima vizuri, sina neno nao. Lakini mama huyo tangu nimjue hajamaliza kiondo hata kimoja. Anaanzisha kitako, anakitundika, na mwaka ukiisha panya wamekifanya kitanda.

Nikaingia ndani, nikatua mzigo.

"Toa hiyo picha," nikamwambia binti.

"Picha gani, mama?"

"Unaijua."

"Mama, ni mama yake. Nitamtoaje mama ya mtu kwenye dirisha lake mwenyewe?"

"Basi toa kiondo, ubaki na mama."

Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa sababu mumewe alikuwa nyuma ya pazia. Mimi sikuwa nafanya mzaha, na akaona.

"Unataka nini hasa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nataka uso wangu uwe hapo. Na kiondo changu mkononi mwangu."

"Atakupigaje, mama? Wewe mwenyewe hutaki hata akukaribie."

Hapo alisema kweli, na hiyo kweli ndiyo ilikuwa shida yote.

Kwetu kuna nthoni. Ni heshima iliyowekwa kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Mkwe wangu hanishiki mkono. Hatukai kwenye benchi moja, hatuli pamoja, na akinikuta kwenye njia nyembamba anaingia kwenye majani mpaka nipite. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wake, nami niko papo hapo nasikia, na jibu langu linarudi kwa njia hiyohiyo. Watu wengi siku hizi wameiacha. Wanasema wameokoka, wote ni ndugu, na unaona mwanamume mzima anamkumbatia mama mkwe mlangoni mwa kanisa. Wakumbatiane. Mama yangu aliishika mpaka akazikwa, nami niliishika, na singeiacha kwa ajili ya picha.

Lakini mama yake hana nthoni naye. Alimzaa. Anaingia studio, anaketi, na mwanawe anamshika kidevu, anamgeuza shingo, anamfuta jasho la pua, kisha anasogea na kamera karibu kama mtu anayetaka kumnong'oneza. Ndiyo maana yeye alikuwa na uso dirishani na mimi sikuwa nao. Mimi nilikuwa na picha moja tu ambayo mkwe aliwahi kunipiga, siku walipomleta mtoto wao wa kwanza nimwone. Yeye alisimama kule langoni kwa heshima, mimi nikasimama mlangoni pa jikoni na mtoto. Picha ilipotoka, jiko lilionekana, ghala lilionekana, kuku walionekana vizuri sana, na mimi nilikuwa mdogo kama hao kuku. Binti akaniletea, akasema imetoka vizuri. Nikamuuliza ni nani aliyetoka vizuri, kuku?

Na kiondo, kilifikaje kwa yule mama? Hapo napo ni mila iliyonishinda. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Wa pili ndiye anachukua jina la mama ya mama. Binti yangu alizaa huyo msichana wa kwanza, kisha akazaa wavulana, kisha akasema inatosha. Kwa hivyo katika nyumba hiyo jina la mama wa Kola linaitwa asubuhi na jioni, linaitwa kula, linaitwa kuoga, na langu hakuna anayelitaja. Nilisuka kiondo kizuri kuliko vyote, nikampelekea mjukuu. Mama wa Kola alipokiona akasema mtoto na yeye ni mtu mmoja, jina moja, na cha mtoto ni chake. Akakivaa begani. Na kwa mila hakukosea, hapo ndipo paliponiuma.

Sasa ndipo ikaja habari ya lenzi.

Kikundi chetu kilikuwa kimepata mnunuzi wa kupeleka vyondo ng'ambo, na mnunuzi akataka picha. Hakutaka kiondo kimewekwa kwenye stuli kama mgeni. Alitaka picha ya karibu, uzi kwa uzi, ili wale wa huko waone hakuna gundi wala cherehani. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa kikundi, nikasema kazi hiyo iende kwa binti yangu na mume wake. Mkwe akajaribu na lenzi aliyokuwa nayo. Ikakataa. Ukiisogeza karibu na kiondo, kila kitu kinageuka ukungu. Ikabidi atafute lenzi ya kuona karibu, na kwa kuwa hangeweza kuwa na mbili, hiyohiyo ilipaswa kufaa pia kwa nyuso za watu, maana nyuso za watu ndizo zilikuwa zinawalisha.

Nairobi kulikuwa na mpiga picha mzee aliyekuwa anafunga kazi. Huyo akampa lenzi mbili ajaribu, abaki na moja, nyingine arudishe. Zote mbili zilikuwa za kuona karibu. Moja fupi, iliitwa ya hamsini. Nyingine ndefu, nzito kama mchi mdogo, iliitwa ya mia. Waliziita hivyo, hamsini na mia, na mimi nikaziita hivyo.

Jumamosi wakaja kwangu kuzijaribu, kwa sababu vyondo vilikuwa kwangu. Nilitegemea watu wawili. Wakaja watatu. Mama wa Kola alikuwa ametangulia mbele, kiondo changu begani.

"Mwenzangu," akasema, "nimekuletea machungwa."

"Ndani ya kiondo changu?"

"Ndani ya kiondo cha mtoto. Na mtoto si ni mimi?"

Nikamimina machungwa kwenye ungo, nikamrudishia kiondo kitupu. Nilitamani kukibakisha, lakini singemfurahisha kwa kukiomba.

Walianza na vyondo. Mkwe akaweka kimoja kwenye jua na kukiinamia na ile hamsini. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, mbali vya kutosha, natazama. Ilibidi ainame mpaka kamera ikakaribia kuingia ndani ya kiondo, na kivuli chake mwenyewe kikaangukia palepale anapotaka kuona. Akihama upande huu, kivuli kinahama naye. Akavua hamsini, akavaa mia. Na hiyo akasimama nyuma kidogo, jua likapita kati yake na kiondo, nyuzi zote zikawaka. Niliona hilo bila mtu kuniambia, nikaliweka moyoni.

Halafu akasema sasa ni nyuso. Mama wa Kola alikuwa ameshaketi kwenye stuli, kitambaa kimenyooshwa, kabla hajaitwa.

Akampiga kwa hamsini. Alipiga magoti mbele yake, magoti ya mama na magoti ya mtoto yanagusana.

"Cheka kidogo, mama."

"Nitachekaje na unanipumulia usoni?"

"Si wewe ulinipumulia kwanza, nikiwa mdogo?"

Akacheka, naye akapiga. Akampiga tena. Akamgeuza kidevu, akapiga. Mama wa Kola akasema upande huu ndio mzuri, akapiga. Akasema sasa na kiondo, akapiga. Nilikuwa nasikia ile kamera kila ikilia, na kila ikilia niliona kitu kinapungua. Watu wanaweza kuita hiyo wivu. Waite. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, kwenye ua nilioufagia asubuhi, na aliyekuwa anapigwa picha na kiondo changu alikuwa mgeni.

Binti akanitazama. Akamwambia mumewe, "Na mama?"

Mumewe akainamisha kichwa. Akamwambia mke wake, "Shika wewe kamera. Msogelee karibu kama nilivyofanya. Zungusha hii pete polepole mpaka jicho lishike."

Basi binti akaja na hamsini mpaka puani pangu.

"Mama, usitingishike."

"Ni wewe unatingishika."

"Umepumua."

"Nisipumue?"

"Ukipumua jicho linatoka, sikio linashika."

Akapiga moja tu. Akasema hajui kama imeshika. Nilijua haikushika.

Mama wa Kola alikuwa anamenya chungwa. "Mwenzangu," akasema, "wacha huyu kijana aje akupige mwenyewe, muda unapita. Mungu hatakuuliza habari ya nthoni."

"Labda wewe hatakuuliza," nikamjibu. Kisha nikamgeukia binti, mumewe akiwa pale pale anasikia. "Muulize mume wako, hiyo ndefu inaona kutoka wapi?"

"Mama anauliza ya mia inaona kutoka wapi."

"Mwambie mama, mtu mzima inamwona vizuri hata nikisimama kwenye ghala."

"Anasema hata kwenye ghala."

"Mwambie aende kwenye ghala, basi."

Akaenda. Kati ya ghala na mlango wa jiko ng'ombe wawili wanapita wakiwa wamebanana, na hapo hakuna mtu anayeweza kusema mkwe amemkaribia mama mkwe. Nikaketi kwenye kizingiti. Yeye akainua lile bomba refu, uso wake ukafichika nyuma yake kabisa, akaanza kuzungusha. Alizungusha muda mrefu. Kisha nikamsikia anamwambia mke wake, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Mama amejaa. Mama amejaa kwenye kamera yote. Naona mpaka nyuzi za kitambaa chake."

"Wewe," mama wa Kola akaniambia, "amekuona mpaka kope. Sasa nthoni imeenda wapi?"

"Miguu yake iko wapi?"

"Iko kwenye ghala."

"Basi na nthoni iko kwenye ghala."

Hata mkwe alicheka huko aliko, nikaona mabega. Akajiweka sawa, akabonyeza. Kamera haikulia. Akabonyeza tena. Akaigeuza, akatazama namba iliyo juu yake. Akamwambia mke wake filamu imeisha.

Nilimtazama mama wa Kola. Alikuwa anatema mbegu za chungwa kwenye kiganja, moja moja, vizuri, kama mtu ambaye hakumaliza filamu ya mtu.

Filamu nyingine haikuwapo, na lenzi moja ilikuwa lazima irudi kwa mzee wa Nairobi wiki hiyo. Waliondoka kabla ya jua kuzama. Wakiwa langoni nikasikia mama wa Kola anamshauri mwanawe, kwa sauti ya kunifikia. "Chukua hiyo fupi, mwanangu. Hilo bomba la nini? Studio yako ni nyembamba kama kaburi. Ukitaka kumpiga mtu na hilo, mgongo wako utakuwa barabarani."

Na hapo alikuwa na akili. Nimeingia ile studio mara nyingi. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilikaa jikoni siku hiyo bila kuwasha moto mapema, nikiwaza kwamba kama atabaki na hamsini, maisha yangu yote nitakuwa mdogo kama kuku, na yule atakuwa anasogelewa na kucheka na kusifiwa msuko.

Soko lililofuata nilifika studio mapema kuliko siku zote. Picha zilikuwa zimeshaoshwa. Binti akanitandikia mezani.

Yangu, ile aliyonipiga yeye, sikio langu lilikuwa limetoka vizuri mno. Ungeweza kuhesabu vinyweleo. Macho yalikuwa kama yako chini ya maji.

Kisha akatoa za mama wa Kola za hamsini. Nikazichukua zote, nikaenda nazo mlangoni kwenye mwanga. Pua ilikuwa imetangulia. Paji la uso limerudi nyuma, masikio yamekimbia, na pua imekuja mbele kama kiazi kinachotaka kutoka nje ya picha. Nilizitazama moja moja bila haraka.

"Amekwisha kuziona?" nikauliza.

"Ameziona. Amesema huyo si yeye."

"Ni yeye."

"Mama."

"Nipe moja nikaiweke nyumbani."

Akaninyang'anya zote.

Mume wake alikuwa nyuma ya pazia, viatu vyake naviona chini. Binti akaniambia kwamba bado hajaamua. Anasema pua zinaweza kusaidiwa, mtu anaweza kusimama nyuma kidogo na hamsini, lakini ukuta hauwezi kusaidiwa. Anaelekea kubaki na hamsini.

Nikasema, "Niletee za vyondo."

Akaziweka mbili, kiondo kilekile, moja ya hamsini na moja ya mia. Ya hamsini ilikuwa na kivuli cha kichwa cha mtu katikati ya msuko, nyuzi za chini hazionekani. Ya mia unaona kila uzi ulivyolala juu ya mwenzake, unaona hata mahali nilipounganisha katani mpya na ya zamani, mahali ambapo mimi mwenyewe natafuta kwa kidole.

Sikuinua sauti. Niliongea kuelekea kwa binti, lakini kwa nguvu ya kufika kwenye viatu.

"Mwambie mume wako, mimi ni mama mkwe wake na pia ni mkubwa wa kikundi. Kama mama mkwe sina la kusema kuhusu mashine zake. Kama mkubwa wa kikundi, nasema vyondo vya akina mama havitapelekwa ng'ambo na kivuli cha kichwa cha mtu. Akibaki na hiyo fupi, nitatafuta mwenye ndefu."

Binti akageuka kwenye pazia. "Mama anasema..."

"Nimesikia," pazia likajibu. Kisha likakumbuka adabu. "Mwambie mama nimesikia."

"Na ukuta?" binti akauliza.

Viatu vikageuka kuelekea mlangoni. "Nitafungua mlango."

Hamsini ikarudi Nairobi. Na ile mia ikaleta mambo ambayo mji mzima uliyajua. Mtu akija kupigwa picha anaketi ndani mwisho kabisa, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na mpiga picha anarudi nyuma, anatoka mlangoni, anasimama barazani, anapiga akiwa nje. Wapita njia wanainama chini ya kamera. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anamsogezea stuli ya kukalia. Wengine walicheka. Lakini nyuso zilikuwa zinatoka jinsi Mungu alivyoziumba, kila pua mahali pake, na watu waliendelea kuja.

Alipopata nafasi, akaja Kathiani kunipiga. Safari hiyo walikuja wawili tu, nilihakikisha. Yeye akaenda mwenyewe kwenye ghala bila kuambiwa. Binti akaingia ndani akanitolea kiondo kizuri, kipya, chenye mkanda wa ngozi.

"Rudisha," nikasema.

"Mama, lakini ulisema unataka kiondo."

"Niletee kile kilichotundikwa."

Kile kilichotundikwa kilikuwa hakijafika hata nusu. Kitako kimeisha, kuta zimeanza kupanda, na nyuzi zote za kusimama zinaning'inia nje kama nywele za mtu aliyeamka. Binti akafikiri nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimewaza jambo hilo tangu Jumamosi ile. Kiondo kilichokwisha, yeyote anaweza kukipakata na kucheka. Kilicho katikati hakiwezi kushikwa na mtu asiyejua, vidole vitamsema. Nikaketi kwenye kizingiti, nikakiweka mapajani, nikashika uzi mmoja juu na mmoja chini, nikasuka.

"Mwambie mama atazame huku," mkwe akasema kutoka ghalani.

"Mama, tazama kwake."

Nikainua uso. Nikaliona lile jicho la kioo, jeusi, na ndani yake jiko langu limepinduka dogo. Sikumwona yeye. Sikucheka, kwa sababu sikuwa na jambo la kuchekea. Kamera ikalia.

Picha ilitoka. Nimejaa. Mikono imeshika, macho yameshika, kila mkunjo wa uso uko mahali nilipouacha. Wakaiweka kwenye fremu, wakaitia dirishani.

Lakini hawakumtoa yule. Binti alisema wazi kwamba hilo nisiombe. Na mama wa Kola, aliposikia nimepigwa kwa mia, akashuka mjini siku hiyohiyo. Mwanawe akatoka barazani akampiga upya, na kiondo. Pua ikarudi nyumbani. Alitoka mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sikubaliani nayo. Alizaliwa na uso huo, na kicheko hicho, na hata pengo lile linamsaidia. Wakatuweka sawa kwa sawa, yeye kulia mimi kushoto, na watu wakisimama, macho yanaanzia kulia.

Nilisimama nyuma yao tena na mzigo wangu, siku nyingi, nikisikiliza. Wengi walisema tu yule mama anacheka vizuri. Siku moja mwanamke mmoja akauliza mwenzake, "Na kiondo hicho amesuka nani?"

Mwenzake hakufikiri hata. Akaelekeza kidole kushoto. "Si ni huyu mwenye nyuzi? Yule amekibeba tu."

Niliweka kamba sawa kichwani, nikaenda zangu na vyondo. Nilisahau hata kuingia kumsalimia binti.

Mama wa Kola naye alisimama hapo na mimi mara moja, tulikutana kwa bahati. Alizitazama zote mbili, kichwa kimeinama upande.

"Mwenzangu," akasema, "waliniheshimu mimi. Mimi nilipewa kilichokwisha, wewe ukapewa ambacho bado."

"Ndiyo," nikasema. "Ulipewa."

Akacheka, akanipiga begani. Sijui kama alielewa. Nadhani alielewa, maana tangu siku hiyo ameanzisha vitako viwili zaidi, na binti ananiambia kimoja kinapanda.

Kile cha kwenye picha sijakimaliza mpaka leo. Mjukuu, yule mwenye jina la mama wa Kola, sasa ni msichana mkubwa, na kila akija anakiangalia. "Susu, bibi yangu," ananiambia, "kimalize basi, unipe." Ni mtoto mzuri, nampenda, na nimemsukia vingine. Hicho nimemwambia bado. Nimekitundika juu karibu na moshi, mahali ambapo panya hawafiki, wala mtu wa Kola.